Makarto Arobaini na Matabishi ya Fundi Kasongo

Jana nilipita mbele ya duka la mmoja wenu, pale mjini. Simtaji jina, anajijua. Mlangoni amebandika karatasi nyekundu kubwa kama shuka: BEI IMEANGUKA. Bei ya kwanza imekatwa kwa mstari, ya pili nayo imekatwa, ya tatu ndiyo imebaki. Ndani, michezo ya video imepangwa mpaka darini, na kijana mwenyewe amelala juu ya kaunta, shavu limebandikana na simu. Nikagonga. Akashtuka.

"Mama, unataka nini? Bei iko chini."

"Ninaona," nikamwambia. "Njo maana umelala." (Njo kwetu ni ndiyo.)

Hakuelewa hata kidogo. Alidhani bibi kizee amepotea njia ya kwenda misa. Basi nimerudi nyumbani, nimetafuta miwani, na ninawaandikia ninyi wote mnaouza vitu vyenye waya, maana ugonjwa wa kijana yule niliuugua mimi kabla mama yake hajazaliwa, na dawa yake ninaijua.

Mimi ni Mama Kabange. Zaidi ya miaka thelathini niliuza redio, tele, yaani televisheni, pasi na mashine za sahani za muziki katika duka kubwa moja la Lubumbashi, magazini kama tulivyoliita. Wakati ninaousema nchi iliitwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, shaba ilikuwa ya serikali, na kila mtu alikuwa citoyen, yaani mwananchi, hata mwizi. Jina langu la ubatizo, Odile, lilibaki kanisani, kazini halikuruhusiwa. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, alistaafu miguu imevimba, na wadogo zangu wanne walikuwa shuleni. Mshahara wangu ndio uliokuwa bukari, ugali wetu, ya nyumba ile. Mlishike hilo, maana kuna mahali nitacheka na ninyi mtacheka, lakini wakati ule sikucheka.

Mwenye magazini tulimwita patro. Alikuwa Bwana Ngosa, mtu mfupi, abakosti yake, koti la heshima lisilovaliwa na tai, imefungwa vifungo vyote mpaka kooni hata jua likiwaka. Ufunguo wa mlango alikuwa nao yeye peke yake. Hakumpa mtu. Asubuhi za mvua tulisimama nje wafanyakazi wote, tumebanana chini ya kibati, maji yanaingia ndani ya viatu, tunamngoja patro amalize chai yake nyumbani. Akifika, hasemi pole. Anafungua, anaingia kwanza, halafu anatuangalia kana kwamba sisi ndio tuliochelewa.

Sasa makarto arobaini, yaani maboksi arobaini ya mchezo mmoja. Yalikuwa kosa langu, niseme tu.

Alikuja mchuuzi mmoja na mfuko wa ngozi, akatoa sanduku la plastiki la rangi ya kahawia, lina vifungo viwili vya kuzungusha. Akaliunga na tele yetu ya pale kaunta. Kioo kikawa cheusi, halafu ukatokea mstari mweupe huku, mstari mwingine kule, na nukta katikati inaruka kutoka huku kwenda kule: tok, tok, tok. Basi. Ndiyo mchezo wote. Mnacheka? Sisi tulisimama midomo wazi. Mpaka siku ile tele ilikuwa kama padri juu ya mimbari, yeye anasema, wewe unasikiliza. Sasa mimi, Kabange, binti wa mtu wa reli, nazungusha kifungo na tele inanitii! Nilihisi furaha mpaka kwenye magoti. Nikageuka, nikamwambia patro bila kufikiri mara mbili, "Patro, hii kintu itaenda kama mukate."

Patro aliniamini. Hilo ndilo lililoniuma baadaye, kwamba aliniamini. Akaagiza arobaini. Yalikuja kwa treni kutoka kusini, yakakaa wiki tatu pale Sakania mpakani, yakafika yamejaa vumbi. Tuliyapanga ukuta mzima kama matofali.

Na kama matofali, yakakaa.

Siyo kwamba hakuna aliyenunua. Wa kwanza alinunua wiki ile ile, kwa bei kamili. Ni Baba Ilunga, msimamizi kwenye mgodi wa shaba, mkazi wa Ruashi, mtu mwenye sauti ya kusikika kutoka shimoni mpaka juu. Siku ya pili alirudi, karto kichwani, amejaa hasira.

"Mama! Hii muchezo yenu inakula tele! Minaiweka, dakika makumi mbili, tele inazima, pii! Mutanilipa tele yangu!"

Magazini ilikuwa imejaa watu. Mimi badala ya kuuliza, badala ya kumpa kiti, badala ya kumtuma fundi akaangalie, nilifanya nini? Nilipokea karto, nikamrudishia pesa, nikamwomba apunguze sauti. Akaondoka akisema hivyo hivyo njiani, ndani ya basi, mpaka Ruashi. Ikafika Jumapili, watu wanaulizana nje ya kanisa: umesikia ule mchezo unaokula tele? Habari haihitaji ufunguo wa patro kutoka nje.

Waswahili wa pwani wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ninawaheshimu, lakini methali ile aliitunga mtu asiyekuwa na makarto arobaini ukutani. Kizuri hakijiuzi! Kizuri kinakaa pale kinashika vumbi mpaka mtu akisemee.

Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Patro akaniita mbele ya wote.

"Kabange. Ni weye ulisema itaenda kama mukate. Mukate gani hii, haiozi na haiishi?"

Nikaangalia ukuta wa makarto.

"Sikia muzuri. Kama Bonane inafika, na hata karto moya iko hapa, weye na ile karto mutatoka pamoya."

Bonane ni mwaka mpya, na tulikuwa tumeshaanza mvua za mwezi wa kumi na moja. Nilikwenda nyuma, stoo, nikakaa juu ya sanduku la pasi, nikalia. Nililia kwa sababu ya wale wadogo zangu wanne na kwa sababu patro alikuwa na haki.

Nikafuta macho, nikafanya kama yule kijana wenu. Nikachukua karatasi, nikakata bei kwa mstari, nikaandika nyingine chini. Bei moja tu, imesimama, hakuna kubishana. Nilijiona wa kisasa kabisa. Wateja waliingia, wakasoma, wakazunguka karto kama watu wanaozunguka mbwa wasiyemjua.

"Mama, juu ya nini inashuka? Iko na ugonjwa?"

Wengine walikuwa na akili zaidi: "Minangoya juma ingine. Itashuka tena." Na kweli nikaishusha tena, nao wakangoja tena! Wale wachache waliokwisha kununua kwa bei ya kwanza ndio waliokuja kwa haraka. "Mulitukula," wakasema, na kila mmoja alitaka nimrudishie kilichozidi. Kwa hiyo, enyi vijana, nilikuwa nimepata bidhaa ambayo wateja wapya wanaiogopa na wa zamani wananidai. Ukitaka kufanya ubaya kama huo kwa makusudi huwezi.

Ndipo nikaingia wazimu wa kuunganisha. Ninyi leo mnasema promosyon: nunua hiki, upate na kile. Mnadhani mmeivumbua. Nilitafuta stoo vitu vya kutia pamoja na mchezo, nikachagua, kwa werevu wangu, vile ambavyo navyo vilikataa kutoka. Mchezo na mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika. Mchezo na mkebe wa rangi ya viatu uliokauka. Fundi Kasongo akapita, akatazama, akasema taratibu kama kawaida yake, "Mama Kabange, maiti mbili habezi kubebana."

Huyu Fundi Kasongo alikuwa mtengeneza redio wetu. Mzee mwembamba, penseli sikioni, miaka yake ya ujana alifanya kazi ya simu za reli. Alizungumza kidogo, na kila alichozungumza kilinikera kwa sababu kilikuwa kweli.

Sikumsikiliza. Nikafungua sanduku la chini kabisa, lililoachwa na mwenye magazini wa zamani, nikakuta tai. Tai za shingoni! Za hariri, nyekundu, bluu, za mistari, nzuri za kukufanya ulie. Mnaosoma leo hamjui: miaka ile tai ilikatazwa. Mwanamume wa Zaire alivaa abakosti, na tai ilikuwa nguo ya mkoloni, ikionekana shingoni mwako unaweza kujieleza mahali ambapo hutaki kujieleza. Mimi nilijua hayo kama kila mtu. Lakini mwenye maji shingoni hachagui kamba. Nikajisemea, watu wanaziweka kabatini kwa kumbukumbu, nani ataona? Nikachomeka tai moja moja juu ya kila karto, nikazipanga vizuri, zinaning'inia.

Ilikuwa Jumamosi ya salongo, siku ya kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa, na tulipomaliza kufagia mbele ya mlango aliingia citoyen mmoja wa kamati ya chama ya mtaa, kuhakikisha tumefagia. Mtu mnene, beji kifuani. Akaangalia sakafu, akaridhika. Akainua macho. Akaona ukuta mzima wa tai.

Patro alikuwa mlangoni pa ofisi yake, uso wake ukageuka majivu.

"Citoyenne," akasema yule mtu, pole pole, "hapa munauzisha nini?"

Sijui maneno yalitoka wapi. Labda ni Mtakatifu Odile, ambaye nilikuwa nimemwacha kanisani. Nikachukua mkasi wa kaunta, nikashika tai ya kwanza, nyekundu, nikaipasua katikati kwa urefu, krrr, mbele ya macho yake.

"Ni kamba, citoyen. Ya kufungia makarto. Nguo ya mukoloni, siye tunafungia nayo mizigo."

Akanitazama. Nikamtazama. Nikapasua ya pili. Fundi Kasongo, bila kuambiwa, akatoa kisu chake cha waya akaanza kupasua upande wake, akifunga makarto msalaba, fundo juu, kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yote. Yule citoyen midomo ikaanza kucheza. Akacheka, akacheka mpaka beji ikaruka kifuani.

"Muzuri sana! Hii njo akili!" akasema, akatoka.

Patro alikaa chini kwenye tele ya kuuzwa. Hakunifukuza siku ile kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuongea. Na makarto yote yakabaki yamefungwa kwa hariri, yamependeza kama mabibi arusi, na hakuna mchumba.

Jumapili nilikwenda kumwona mama. Mama yangu, Mama Mujinga, jina la kwetu, siyo tusi, hakusoma hata darasa moja. Aliuza unga wa mahindi sokoni, anapima kwa meka, ile bakuli ya kipimo, na hakuna mwanamke aliyemaliza gunia kabla yake. Nilimkuta anasafisha samaki mkavu. Nikamweleza yote: kupunguza bei, mwavuli, tai. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kisu.

"Kabange," akasema, "weye ulisoma ku masista, lakini soko haukusoma. Uliona miye napunguza bei ya bunga siku gani?"

Nikafikiri. Kweli, sikuwahi kuona.

"Meka ni meka. Mwenye kununua anabisha, miye nabisha, tunatukanana kiloko, kidogo tu, tunacheka. Halafu akishalipa, njo namuongezea mukono moya juu. Matabishi. Bei njo heshima ya kintu. Matabishi njo heshima ya muntu. Weye unavunja heshima ya kintu, na muntu unamupatia mwavuli ya kuvunjika!"

Matabishi, kwa ninyi mnaosoma kutoka mbali, ni kile kidogo cha juu ambacho kwetu muuzaji anamwongezea mnunuzi: konzi ya unga, samaki mmoja, nyanya mbili. Haiandikwi kwenye karatasi, haipimwi. Ukinunua bila kupata matabishi unarudi nyumbani unajiona kama mtu aliyekwenda kwa watu wasiomsalimu. Nilizaliwa ndani ya desturi hiyo, nikailamba na uji, na nilipovaa viatu vya kisigino na kusimama nyuma ya kaunta ya kioo nikaisahau. Niliona haya kweli kweli.

"Lakini mama, nitaongeza nini? Nimeshaongeza kila kitu."

"Banaogopa nini?"

"Wanaogopa itakula tele."

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyeshika kijiko kwa upande mbaya. Akanyoosha kisu kuelekea mbabula yake, lile jiko dogo la makaa alilokwenda nalo sokoni kila siku. "Na muntu akiogopa bunga yangu iko na muchanga, miye nafanya nini?"

Nililijua jibu. Anachota unga kiganja kimoja, anasonga bukari pale pale, anamlisha. Hasemi neno. Mtu anatafuna, hakuna mchanga, anafungua mfuko.

Usiku wote nilikuwa nahesabu siku zilizobaki, lakini Jumatatu asubuhi, chini ya kibati, katika mvua, nilimkabili Fundi Kasongo.

"Fundi, ninakuomba kitu. Nataka wewe uwe matabishi."

Akatoa penseli sikioni. "Miye? Kama kipande ya samaki?"

"Kila anayenunua, wewe unakwenda naye mpaka nyumbani kwake. Unaangalia tele yake, unaisafisha, unaunga mchezo, unacheza naye wa kwanza. Tele ikizima, uko pale."

"Miye niko fundi. Hapana muchezaji."

"Fundi, Bonane ikifika mimi natoka."

Alikung'uta maji kwenye kofia yake. Halafu akasema, "Tuanzie wapi?" Na mimi nilishajua. Tuanzie kwa yule aliyepiga kelele.

Tulipanda basi la Ruashi Fundi na mimi, karto magotini. Baba Ilunga alitufungulia mlango kwa uso wa msiba. Tele yake ilikuwa bado imekufa, imefunikwa kitambaa cheupe. Fundi hakusema habari za mchezo hata kidogo. Aliomba balbu, akaijaribu kwenye umeme wa nyumba kwanza, akaitazama inavyowaka na kufifia. Ndipo akafungua mgongo wa tele, akapuliza vumbi, akatoa kitu kidogo kama punje ya mchele.

"Baba, ni fuzi tu njo iliungua. Ile siku umeme iliruka. Jirani hawakupoteza kitu?"

Mke wa Baba Ilunga akapiga makofi. "Frigo ya Mama Kalenga! Siku ile ile! Minakuambia, baba, haukusikia!"

Fundi akaweka fuzi mpya, bure. Tele ikawaka. Akaunga mchezo. Kuna mambo ya kujua hapa, nayo ni ya kweli hata leo: sanduku usiliweke juu ya tele, linapata joto. Waya wa antena utoe kwanza, usiunge juu yake. Na usimkimbize mtu kwa maelezo. Mpe kifungo mkononi, akizungushe, mstari upande, mstari ushuke, acheke mwenyewe. Akishacheka, maelezo yanaingia.

Baba Ilunga alicheka kicheko cha mtoto. Akacheza na Fundi, akamshinda. Akamshinda tena. Fundi alikuwa anashindwa kwa ustadi wa hali ya juu, kila mara kwa pointi moja tu, anatikisa kichwa, "Baba, uko na mukono!" Watu wakaanza kujaa mlangoni, wengine dirishani. Ndipo mke wake akasema, "Toka pale, na miye nijaribu." Akamchapa mumewe vibaya sana. Ua mzima ulilipuka.

"Rudia!" Baba Ilunga akapiga kelele kwa ile sauti ya mgodini. "Hii haihesabiwe! Rudia!"

Sauti iliyoniua ndiyo hiyo hiyo iliyonifufua. Alilichukua karto lile lile, akabisha bei na mimi nusu saa, akalipa kwa heshima, na tulipoondoka bado tunamsikia: rudia!

Kesho yake nilifika kazini, nikachana ile karatasi ya bei. Nikaandika mpya, bei ya mwanzo, na juu yake nikaongeza kidogo, ili mtu apate nafasi ya kubisha. Patro akashika kichwa.

"Kintu haiende, na weye unapandisha?"

"Patro, niachie mpaka Bonane. Umeshasema nitatoka. Nitatoka na kelele yangu."

Saa nne haijafika waliingia majirani wawili wa Baba Ilunga. Tukabishana mpaka jasho. Nikashuka hatua moja, wakapanda hatua moja, tukakutana pale pale nilipotaka, wakafurahi kana kwamba wameniibia. Halafu nikasema neno: "Na matabishi yenu ni huyu hapa," nikamwonyesha Fundi Kasongo. Mungu wangu, mngemwona! Alikuwa amepiga pasi suruali.

Wiki ile Fundi hakukaa. Kambi za mgodi, mitaa ya reli, juu ya baiskeli, ndani ya basi. Walimlisha bukari mpaka akanenepa. Na hariri zile! Makarto yalipita mjini juu ya vichwa na baiskeli yamefungwa msalaba kwa nyekundu na bluu, yanang'aa ndani ya mvua, na kila aliyeona aliuliza, "Ile njo nini?" Wake kwa waume walikuwa wanazikata zile kamba, wanawasuka nazo watoto. Kosa langu lililokaribia kunifunga ndilo likawa tangazo, na sikulipa hata likuta moja, senti ya siku zile.

Msidhani ni maskini tu wanaotaka matabishi. Alikuja bibi mmoja wa mtaa wa Golf, dereva anamshikia mwavuli. Hakubisha bei, akalipa. Nikadhani tumemaliza. Akabaki amesimama pale, anavua glovu, anavaa glovu. Mwisho akaniinamia: "Na ule mzee... anakuya na kwetu?" Fundi alikwenda Golf, akakaa kwenye sofa nyeupe, akashindwa na watoto watano kwa zamu.

Ikafika siku ya mwisho ya mwaka. Mvua tangu asubuhi. Karto lilibaki moja tu, limeloa pembe moja, limefungwa kwa utepe wa mwisho wa tai nyekundu. Saa sita, hakuna mtu. Saa nane, hakuna mtu. Mjini kila mtu anakimbilia kuku na soda za sikukuu. Patro alikuwa anatembea nyuma yangu, hasemi, lakini viatu vyake vinasema. Hata karto moja, alikuwa amesema. Nilianza kukusanya vitu vyangu: kikombe, shali, picha ya wadogo zangu. Fundi Kasongo akasema, "Nitainunua miye." Nilijua hana tele nyumbani. Nikaendelea kufunga kikombe ndani ya shali.

Mlango ukasukumwa. Aliingia mtu mnene, maji yanamchuruzika, beji kifuani. Yule citoyen wa kamati! Tukanyooka wote kama askari. Akaangalia sakafu, halafu ukuta mtupu, halafu lile karto moja.

"Citoyenne. Batoto yangu banalia nyumbani. Ile muchezo inabakia?"

"Moja tu, citoyen."

Alibisha bei, na mimi nilibisha naye, maana nilishajua kwamba ukimwachia mtu bei bila kubisha anaondoka na wasiwasi. Alipolipa nikamwonyesha Fundi, akakubali kwa kichwa. Lakini hakuondoka. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akashusha sauti.

"Na ile... kamba. Nyekundu. Inaenda pamoya na karto, hapana?"

"Citoyen," nikasema, "bila kamba mzigo utaanguka." Nikakata kipande kidogo cha ncha iliyoning'inia, nikakiacha juu ya kaunta, na kilichobaki nikakifunga fundo zuri kuliko yote niliyofunga. Akatoka amelikumbatia karto lake ndani ya mvua, na Fundi Kasongo nyuma yake, penseli sikioni.

Ukuta ulikuwa mtupu. Nikapiga kigelegele mle ndani, peke yangu, mpaka vioo vikalia.

Patro alikohoa. Akafungua kifungo cha juu cha abakosti yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Kabange, tokea kesho kutwa weye njo mukubwa wa upande yote ya tele na redio. Mushahara..." akataja mshahara. Ulikuwa mzuri. Nilibisha kidogo, ili nisimtie wasiwasi. Akaongeza. Tukapeana mkono.

Sikuuachia mkono wake. "Patro, bei nimekubali. Matabishi yangu iko wapi?"

Nje wafanyakazi wenzangu walikuwa wanavaa makoti kuingia mvuani. Patro akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa mlango, akauweka juu ya kaunta, karibu na kile kipande cha hariri nyekundu. Nikaufunga nacho pale pale, mbele yake.

Siku ya kazi iliyofuata mvua ilinyesha ya kubomoa nyumba. Saa moja asubuhi nilifungua mlango, nikawaingiza wote, nikawawekea maji ya chai. Hakuna aliyesimama chini ya kibati isipokuwa mmoja. Alifika saa yake ya kawaida, akatia mkono mfukoni, akakumbuka, akabaki pale nje, matone yanamwangukia kwenye abakosti. Mlango ulikuwa wazi, lakini ilikuwa mara yake ya kwanza kuukuta hivyo na hakujua afanye nini.

"Hodi," akasema patro.

"Karibu, baba," nikamwambia. "Tukuuzie nini?"